Sauti ya Mzimu

Mzimu ulipoanza kushuka ngazi, banda zima la video likapiga kelele: "Mauricio, upe sauti!"

Watu wa Shangani hawakuja kuogopa. Walimfuata yeye, mtafsiri wa filamu, ambaye kila mzimu aliupa sauti ya mama yake: lafudhi ya Kimakonde cha ng'ambo ya Ruvuma, lawama tupu. Mama mwenyewe alikuwa akikaa mlangoni na sinia lake la korosho, akicheka mpaka machozi.

Leo mlangoni palikuwa na kigoda kitupu. Matanga yalianuliwa jana, na Mauricio alikuwa ameapa kutafuta sauti nyingine.

Akasogeza maiki mdomoni. Kipande cha khanga ya mama alichofungia maiki hiyo bado kilinukia moshi wa korosho.

Kwenye skrini, mzimu ukamfikia mtoto aliyejibanza nyuma ya kochi.

"We mwanangu," ikamtoka sauti ileile, "mbio zote hizo, umekula?"

Banda likaangua kicheko. Mzimu ukanyoosha mkono. Mtoto alikuwa amefumba mdomo, hana neno la kutafsiriwa.

"Bado, mama," Mauricio akajibu, kwa sauti yake mwenyewe.