Kuku Asiye na Mifupa

Siku ya pili ya safari, treni ikikata jangwa la Texas, nilifungua boksi langu la viatu, nikainamia ndani yake, nikatafuna hewa.

Behewa la chakula halikuwa letu sisi watu weusi, kwa hiyo kila mmoja alipanda na boksi lake la chakula. Bibi yangu kule Mississippi alinifungia kuku wa kukaanga wa kunifikisha kwa mama yangu, California. Nilimmaliza jana yake. Na bibi alishanionya: usiwaonyeshe watu njaa yako.

Mama mmoja mwenye kofia ya zambarau, aliyeketi mkabala nami, alisoma kikaratasi cha jina langu kilichobanwa kwa pini kwenye koti langu.

"Verlene, unakula nini?"

"Kuku, mama."

"Kuku gani huyo hana mifupa?"

Alilichukua boksi, akampa mzee wa kiti cha nyuma, naye akalipitisha. Likazunguka behewa zima.

Liliporudi, kifuniko hakikufungika: mapaja ya kuku, mayai ya kuchemsha, na kipande cha keki ambacho mtu alikuwa ameshaking'ata.

"Haya," akasema yule mama wa kofia, "sasa tafuna tusikie."