Donge la Mama

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na udongo wa kaburini ulinuka kama chakula kilichochacha. Shadhili alisimama ukingoni amevaa glavu za mpira.

"Vua hizo," alisema Mzee Faki, mchimba kaburi. "Mtoto ndiye humfinyangia mama yake donge la kulaza kichwa. Kwa mikono yake."

Mama yake! Huyo huyo aliyemchapa kwa kugusa matope, aliyemsugua kwa sabuni ya dawa asubuhi na jioni. "Nawa, mwanangu," ndiyo iliyokuwa salamu yake. Shadhili alipokuwa mtu mzima wa kukohoa kwa vumbi kidogo tu na kujikuna hadi damu, daktari aliwaambia kwamba mwili usiozoeana na vijidudu vya udongo utotoni huenda usimjue adui wa kweli, ukapigana na kila kitu. Mama alilia siku hiyo.

Shadhili alivua glavu. Viganja vyake vilikuwa magamba matupu. Alipochota, udongo ulimteleza vidoleni kama kamasi, mnyoo ukajikunja juu ya kucha yake, na matapishi yakamjaa mdomoni. Akayameza. Akafinyanga huku amekunja uso, kisha akabonyeza kishimo cha kuegemeza shavu, akalikabidhi donge kwa waliokuwa ndani ya kaburi.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Mzee Faki alimletea birika la maji.

"Nawa, mwanangu."

Shadhili akaficha mikono yenye matope nyuma ya kanzu yake nyeupe.