Siku Moto wa Gesi Ulipozimwa

Afisa wa kampuni ya mafuta alipunga mkono, na ule moto wa gesi uliokuwa ukiwaka kwenye mdomo wa bomba lao kijijini kwetu tangu sijazaliwa ukazimika. Wageni wake wakapiga makofi.

"Hongereni, mama zangu! Hakuna tena moshi wa kuharibu hali ya hewa."

"Na mihogo yetu tuikaushie kwenye kipara chako?" Rukevwe, mwanamke mzee kuliko sisi sote, akamfokea. Wanawake wote tulikuwa tumeianika kando ya ule moto, kama kawaida yetu, na bado ilikuwa mbichi.

"Mtazoea."

"Zoea wewe!" Akakusanya kuni palepale ili awashe moto wake mwenyewe, akachomoa njiti ya kiberiti.

Hapo chombo cha mtafiti, binti aliyekuja kupima hewa, kikaanza kulia mfululizo. Binti akageukia bomba.

"Hamjafunga gesi!" akamwambia afisa. "Mmezima moto tu, gesi yote inatumwagikia!"

"Zima hicho kidude. Wageni wanasikia."

Rukevwe naye alikuwa amesikia. Hakuirudisha njiti. Aliigusisha ubavuni mwa kiberiti, kichwa chake chekundu kikatulia pale, akamtazama afisa.

"Hebu rudia, mwanangu. Tutazoea nini?"