Vidole vya Mkwe

Tangu binti yake aolewe, Mzee Kitwana hakuwahi kula sinia moja na mkwewe, Badi, daktari pekee wa upasuaji pale mjini. Kila alipoviona vile vidole vikimega tonge, alikumbuka vinakoshinda, kwenye makalio ya watu, na chakula kikamkwama kooni.

Leo amelala ubavu hospitalini, shuka imepandishwa kiunoni, na vidole ni vile vile. Harufu yake mwenyewe ikampanda puani, nusura atapike.

"Bawasiri ndogo tunaifunga kwa mpira, ikanyauka," Badi alisema taratibu. "Yako imetoka nje, Baba, hairudi. Hii ni ya kukatwa."

"Huoni kinyaa?" mzee aliuliza, uso kaufukia kwenye mto.

"Naona. Kila siku."

Kesho yake, baada ya mzee kukatwa, Badi alinawa mikono, akamenya papai, akamnyooshea kipande.

"Kula, Baba, choo kiwe laini."

Mzee Kitwana alivitazama vile vidole, maji ya papai yakivichuruzika. Mate yakamjaa mdomoni, asijue ni ya kichefuchefu au ya njaa.