Majibu ya Namba 0417

"Namba ni ileile, kaka Pastory. Sifuri nne moja saba."

Winfrida, muuguzi pekee wa zahanati, alisimama dirishani mwa chumba cha kujifungulia. Hapo tu ndipo simu iliposhika mtandao. Nje, Ziwa Tanganyika lilikuwa limechafuka, na boti ya kwenda Kigoma haikuonekana tangu Jumatatu.

"Nipe jina la huyo mama, nitafute kwa jina," alisema Pastory wa maabara ya mjini.

"Tumia namba," Winfrida alijibu haraka.

Sampuli ya kwanza ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI ilitumwa mimba ikiwa ya miezi minne. Ikamwagika botini. Ya pili ilikuta mashine imeharibika. Ya tatu ilipokelewa mjini wiki sita zilizopita, kisha kimya.

"Dawa anakunywa?"

"Kila siku. Alikosa wiki mbili tu, ziwa lilipofunga njia na dawa zikatuishia."

"Basi pengine virusi viko chini, dada."

"Pengine haimkingi mtoto, kaka."

Alikata simu, akaenda kuwahudumia wajawazito waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Aliwapima mmoja mmoja, akawasihi wasiruke dawa hata siku moja. Mama Nshimirimana, aliyehamia kutoka Burundi, alimsogezea kigoda.

"Kaa kidogo, muuguzi. Tangu asubuhi umesimama."

Winfrida alishukuru, lakini hakukaa. Alirudi dirishani, akapiga tena. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga mara nne siku hiyo. Kesho yake, mara saba. Hakuwa na njia nyingine ya kupata majibu.

Ijumaa asubuhi uchungu ulianza, wiki mbili kabla ya siku zilizotarajiwa. Rozalia, mhudumu wa zahanati, alitandika kitanda na kuandaa dawa ya mtoto. Hakuwahi kuzalisha peke yake.

Simu iliita dirishani. Rozalia akaiweka spika.

"Dada, majibu ya sifuri nne moja saba yametoka," ilisema sauti ya Pastory. "Virusi viko juu sana, elfu thelathini na nane. Mwambie huyo mama awahi hospitali kabla uchungu haujaanza."

Rozalia aligeuka kutazama kitandani.

"Amesikia, kaka," alijibu Winfrida, kisha akauma kanga, akasukuma.