Honi Mbili

"Viatu havipo, baba."

Twalibu alifumba macho. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, mvua ya usiku ndiyo kwanza imekatika, na yeye alikuwa kazini tangu saa kumi na moja. Muda wa kuongea na simu alikuwa nao dakika moja, haizidi.

"Shikamoo iko wapi, Zuhura?"

"Shikamoo. Viatu havipo."

"Marahaba. Sare umevaa?"

"Nimevaa. Mama Jastin amenipa chai na kitumbua, halafu ameenda kuuza."

Jirani ameshaondoka; mtoto wa miaka sita, peke yake ndani ya chumba cha kupanga, na simu ya batani mkononi. Mama yake, Mwanahawa, alikuwa kijijini Kinole tangu Jumapili akimuuguza bibi. Sasa mtu afanyeje? Amzuie mke asiende kumuona mama yake? Amwambie bosi kwamba leo haji? Twalibu alikuwa akijiuliza hayo siku ya nne sasa.

"Tafuta mvunguni. Gari la shule halisubiri, unajua."

"Najua. Honi mbili, dakika moja, linaondoka."

"Ndiyo."

"Hata mimi litaniacha?"

"Hata wewe."

"Leo mtihani, baba."

"Najua, mama. Tafuta."

Dada Salma, mwenzake wa kazi, aligonga saa yake kwa ukucha. Twalibu akakata simu, akaondoa gari. Walikuwa na vituo kumi na vinne asubuhi ile, kila kimoja na dakika yake kwenye karatasi ya Salma. Na kama karatasi haitoshi, kulikuwa na kile kidude kilichofungwa chini ya usukani: ukizidisha dakika moja kituoni, bosi wao, Bwana Allen, anaona kwenye simu yake, tena akiwa bado kitandani. Barua mbili za onyo Twalibu alishapewa, zote kwa ajili ya Zuhura. Ya kwanza dakika tatu, ya pili dakika nne. Ya tatu ni kwaheri. Na kazi ikienda, shule ya Zuhura inaenda nayo, maana kwa kibarua kingine chochote hapa Morogoro ada ile angeisikia kwa majirani tu.

Walikuwa wanateremka kutoka Kilakala alipokumbuka. Viatu alivipiga rangi yeye mwenyewe jana jioni, na kwa kuwa paa linavuja na sakafu inalowa, akavipandisha juu ya kabati. Kwa mkono wake. Mtu mzima, akili timamu, anamfichia mtoto viatu.

"Salma, chukua simu yangu, mpigie. Mwambie juu ya kabati."

Salma akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hapokei, Baba Zuhura."

Bila shaka yuko mvunguni na simu iko mezani. Twalibu alikaa na habari ya viatu mdomoni kituo cha saba, cha nane, cha tisa. Kila wakisimama, kelele za nyuma yake zilizidi, hata ikabidi azibe sikio moja aweze kusikia simu ikiita. Kituo cha kumi ndipo Zuhura alipopokea, analia.

"Mvunguni hamna."

"Viko juu ya kabati. Nisamehe, mama, ni mimi niliyeviweka. Pandia ndoo."

"Ndoo imejaa maji ya mvua."

"Mwaga."

"Humu ndani?"

"Humohumo."

Salma aligeuza uso dirishani. Na yeye ana wawili nyumbani kwake, wanaamshwa na bibi yao, na tangu muhula uanze hajawahi kuwaona wakiwa na sare. "Mungu atamsaidia," akasema, kisha akarudi kwenye karatasi. "Bado vinne."

Twalibu aliendesha. Hakuna kingine alichoweza kufanya, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa mgonjwa wangemwonea huruma. Angefiwa wangempa siku tatu. Lakini baba mwenye mtoto anayetafuta viatu, huyo hana fomu ya kujaza.

Nyumba yao iko juu, mlima unapoanzia, na kutoka mlangoni mpaka barabarani kuna ngazi sitini za udongo. Mvua ikinyesha, hata mkubwa hushuka akishika majani. Saa kumi na mbili na dakika ishirini simu iliita tena.

"Baba, nimevaa kimoja."

Honi mbili zikalia.

"Limekuja," Zuhura akasema.

"Kingine kibebe mkononi. Toka, shuka."

"Kuna utelezi."

"Shuka, mama. Shika majani."

Alisikia mlango ukigonga ukuta, kisha pumzi, kisha kitu kama begi kikiburuzwa. Ngazi ya tano, labda ya kumi. Salma aliinua mkono wenye saa ili Twalibu aione. Zilibaki sekunde nane. Twalibu alizihesabu polepole kuliko saa inavyohesabu, lakini saa haikumngoja.

Pumzi zilikoma. Mtoto alikuwa amesimama.

"Baba," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha, "nakuona. Na wewe unaniona?"

"Nakuona, mama," Twalibu akasema, akaachia breki, gari likaondoka.