Sangara wa Bi Harusi

Kidawa aliolewa akiwa na miaka hamsini na miwili, akaingia kwa mumewe na sangara ndani ya pipa, aliyemlea tangu akiwa saizi ya kidole. Alipotaka kuketi kwenye kiti cha dirishani, mumewe, Mzee Shomvi, akamzuia. Kiti kile cha marehemu mkewe hakikaliwi.

Mzee naye alikuwa na sangara wake, mrefu kama mkono mzima, katika tangi la kioo lililojaza ukuta wa sebule. Kidawa akataka kumtia wake humo.

"Huyu hapokei mgeni, bibi. Mwaka jana alimeza saa yangu."

"Kumbe ndiyo maana ulichelewa harusini!"

Kidawa akazamisha mikono tangini mpaka kwapani, akahamisha kila jiwe, maana samaki asiyeiona kona yake hana cha kupigania. Kisha akamtupia yule mkubwa sato wawili, ashibe kwanza. Mdomo ukafunguka kama mlango, maji yakavutwa, sato hawapo. Kidawa akarudi nyuma hatua moja.

"Unaweza kughairi, bibi."

"Mbona mimi sikughairi kuolewa?"

Akainamisha pipa. Sangara wake akateleza majini. Yule mkubwa akageuka taratibu, macho yaking'aa kama shaba, akaja mpaka wakawa pua kwa pua. Kisha mkubwa akashuka, akalizunguka jiwe lililohamishwa, akalizunguka tena kama mgeni, na mdogo akamfuata nyuma.

Kidawa akasikia kitu kinaburutwa. Mzee Shomvi alikuwa katikati ya sebule, amekikumbatia kiti cha dirishani, akitazama huku na huku pa kukihamishia.